FBP, feritini, lehemu au CRP: kipi kinabadilisha kweli tiba ya mgonjwa wa moyo?

Karatasi ya daktari imeandikwa vipimo vinne: FBP (hesabu kamili ya seli za damu), feritini, lehemu, CRP. Mfukoni kuna hela ya viwili, au bima imekubali viwili tu. Swali linalofika kwenye dirisha letu la maabara ni hilohilo: tuanze na kipi? Anayeuliza mara nyingi si mgonjwa mwenyewe, ni binti yake au mkwe aliyemleta, na nyuma yake foleni inasogea.

Jibu langu fupi ni kwamba kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo, FBP inatangulia. Lakini haitangulii kwa sababu ile inayosambazwa sana simuni siku hizi, ya kuchukua idadi ya nyutrofili, kuigawanya kwa limfosaiti (zote ni aina za seli nyeupe), kisha kutangaza kwamba moyo wa mtu uko hatarini au uko salama. Upande huo wa seli nyeupe ndio dhaifu kuliko pande zote za karatasi. Nguvu ya FBP katika ugonjwa wa moyo iko kwenye seli nyekundu na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), na huko ndiko nitakakokaa zaidi. Mimi ni mtu wa maabara. Dawa anaandika daktari. Ninacholinganisha hapa ni vipimo, na maamuzi ambayo kila kimoja kinaweza kuyabeba.

| | FBP | Feritini na transferini | Lehemu | CRP ya kiwango kidogo |
|---|---|---|---|---|
| Inapima | Seli nyekundu, nyeupe, chembe sahani | Akiba ya madini ya chuma | Mafuta ya damu, hasa LDL, yaani mafuta mabaya | Dalili ya mchochota, yaani mwili kuvimba na kuwaka ukijihami |
| Inapatikana | Hata vituo vya afya vingi | Hospitali kubwa na maabara za mjini | Hospitali nyingi | Maabara chache |
| Inavurugwa na | Maji mwilini, damu iliyoganda kwenye chupa, maambukizi | Maambukizi na mchochota hupandisha feritini | Kidogo. Ugonjwa mkali huishusha | Homa, kidonda, jino bovu, karibu chochote |
| Uamuzi unaoweza kubadilika | Kuongezewa damu, kupunguza au kusimamisha dawa za kuzuia damu kuganda | Kupewa chuma kwa dripu | Dozi ya statini (dawa ya kushusha lehemu) | Mara chache: kuanza statini, au kufikiria kolkisini |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio wa kuangalia. Kipimo kisichobadilisha kitu kwa mgonjwa huyu, leo, kinaweza kusubiri.

Seli nyekundu

Moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, ukaongezewa upungufu wa damu juu yake, umebebeshwa mizigo miwili. Damu nyepesi inabeba oksijeni kidogo, kwa hiyo moyo uleule dhaifu unalazimika kuizungusha zaidi. Kwetu hili si jambo la nadra. Utafiti wa TaHeF uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa 2014 na 2015, ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wa moyo kushindwa wana upungufu wa damu, na karibu nusu wana upungufu wa madini ya chuma. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 hivi, na chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu, tofauti na Ulaya ambako mishipa ya moyo kuziba ndiyo inayotajwa kwanza. Ukikumbuka hilo utaona kwa nini kwa mgonjwa wa kawaida wa wodi zetu naitanguliza FBP mbele ya lehemu.

Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia HB (himoglobini, kibeba oksijeni cha seli nyekundu) chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Namba hizo ni rahisi kukariri, ila kwa mgonjwa wa moyo zina mtego.

Chukua mzee aliyelazwa miguu imejaa na pumzi inakata, mizani inasoma kilo 78, HB inasoma 10.1. Anachomwa Lasix, dawa ya kukojoza, anakojoa siku kadhaa, mizani inashuka hadi 71, na HB sasa inasoma 11.4. Hajaongezewa damu hata tone. Maji yaliyokuwa yameichanganya yametoka, basi. Kinyume chake pia hutokea: mtu aliyekaushwa kupita kiasi na dawa za kukojoza anaonekana ana damu nzuri, kumbe imekolea tu. Ndiyo maana nikiona HB ya mgonjwa wa moyo bila uzito wa siku ileile pembeni yake, naiona nusu ya jibu. Andika kilo juu ya karatasi ya FBP kwa kalamu. Ni kazi ndogo na daktari atakushukuru.

Halafu kuna wale wanaoniuliza, "Mwanangu, si nyinyi ndio mmenimaliza damu kwa kunitoa kila asubuhi?" Shikamoo baba, chupa ya FBP inachukua mililita mbili hadi nne. Kwa mtu mzima wa siku chache wodini hiyo haishushi HB kiasi cha kuonekana. Aliyekaa ICU wiki nzima akitolewa chupa nne nne kila siku, huyo ana hoja.

Kuna kitu kingine kinachopandisha namba hii, na wengi bado hawajakizoea. Dawa za familia ya dapagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kama dawa za kisukari na sasa zinatumika kwa moyo kushindwa, hupandisha hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu) kwa pointi mbili au tatu hivi. Ukiona imepanda baada ya kuanza dawa hiyo, usikimbilie kudhani ni ugonjwa mpya.

Kwenye karatasi ileile kuna RDW, inayoonyesha seli nyekundu zimetofautiana kiasi gani kwa ukubwa. Tangu 2007 inajulikana kwamba RDW kubwa huambatana na hali mbaya kwa wagonjwa wa moyo kushindwa. Sawa, lakini hakuna dawa ya RDW. Nikiiona imepanda huku MCV (wastani wa ukubwa wa seli hizo) imeshuka, inanisukuma kuuliza habari za chuma. Zaidi ya hapo siipi uzito.

FBP dhidi ya feritini

Hapa FBP inashindwa, na ni vizuri kujua inashindwa wapi. Seli nyekundu huwa ndogo na HB hushuka baada ya akiba ya chuma kwisha. Misuli ya moyo na ya miguu huanza kuumia mapema zaidi. Katika utafiti wa FAIR-HF wa 2009, wenye wagonjwa 459, waliokuwa na HB ya hadi 13.5 walipokelewa ilimradi akiba yao ya chuma iwe chini, na waliopewa chuma kwa dripu walijisikia vizuri na kutembea mbali zaidi, wawe na upungufu wa damu au wasiwe nao. Yaani FBP yako inaweza kurudi bila herufi L (alama ya namba iliyo chini) hata moja na bado unahitaji chuma.

Mtego wa feritini ni kwamba hupanda mwili ukiwa na mchochota, na moyo kushindwa wenyewe ni hali ya mchochota. Kwa hiyo mpaka unaotumika kwa mtu mzima mwenye afya, 15, haufai hapa. Kwa mgonjwa wa moyo kushindwa, feritini chini ya 100 inahesabiwa ni upungufu. Ikiwa kati ya 100 na 299, inatazamwa pamoja na ujazo wa transferini (protini inayobeba chuma kwenye damu), na ujazo ukiwa chini ya asilimia 20 nao unahesabiwa ni upungufu. Karatasi ya maabara itakuonyesha feritini ya 60 kama kitu cha kawaida kabisa, bila alama yoyote. Usiishie kwenye alama. Miongozo ya Ulaya ya 2021 inataka kila mgonjwa wa moyo kushindwa apimwe vyote viwili mara kwa mara, FBP na chuma. Kwa mwenye hela ya viwili tu na moyo uliotanuka, jozi hiyo ndiyo ningeichukua.

Namba ikishajulikana kuwa iko chini, njia za kuipandisha si sawa hata kidogo.

Vidonge vya chuma ndivyo rahisi na viko kila duka la dawa. Kwa mama mjamzito vinafanya kazi nzuri. Kwa moyo kushindwa vimekatisha tamaa: utafiti wa IRONOUT wa 2017 uliwapa wagonjwa 225 vidonge vya chuma au vidonge visivyo na dawa kwa wiki 16, na uwezo wao wa kufanya mazoezi haukutofautiana. Sababu ni kwamba mwili wenye mchochota hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Unameza, tumbo linafunga choo, chuma hakiingii.

Dripu ya chuma inapita mlango huo. Tafiti kubwa zilizofuata FAIR-HF, kama AFFIRM-AHF ya 2020, IRONMAN ya 2022 na HEART-FID ya 2023 yenye wagonjwa 3,065, hazikutoa ushindi wa wazi kwenye vifo. Walichopata wagonjwa zaidi ni nafuu ya kupumua na kutembea, na katika baadhi ya tafiti, kurudi wodini mara chache. Kwangu hiyo inatosha, maana anayelazwa kila mwezi anajua gharama yake. Swali la kuuliza hospitalini kwako ni aina gani ya chuma cha dripu wanayo: zipo zinazoisha kwa mara moja au mbili, na zipo za zamani zinazohitaji kurudi mara nyingi. Nauli ikijumlishwa, ya bei nafuu inaweza kugeuka ghali.

Kuongezewa damu ni habari nyingine, na mpaka wake umebishaniwa miaka mingi. Utafiti wa MINT wa 2023 ulichukua watu 3,504 waliopata shambulio la moyo wakiwa na HB chini ya 10. Kundi moja liliongezewa damu ikishuka chini ya 7 au 8, jingine likaongezewa ili HB ibaki 10 au zaidi. Baada ya siku 30, waliokufa au kupata shambulio jingine walikuwa asilimia 16.9 kwenye kundi la kubana na 14.5 kwenye kundi la kuongeza. Kitakwimu tofauti hiyo haikufika mstari wa kusema ni ya hakika, lakini imewafanya madaktari wengi wasistarehe kumwacha mwenye shambulio jipya la moyo na HB ya 7.5. Ona kwamba hilo linahusu shambulio jipya. Mtu mwenye moyo ulioshindwa muda mrefu na HB ya 8.5 ni kesi tofauti: damu ni ujazo, na ujazo ukiingia haraka unamfanya azame kwenye maji ya mapafu. Huyo huongezewa polepole, chupa moja moja, mara nyingi na Lasix katikati. Na mwenye sikoseli, ambaye 7 au 8 ndiyo kawaida yake tangu utotoni, asisukumwe kuvuka 10 kwa sababu tu karatasi imeandika L, kwani damu yake ikizidi inakuwa nzito na kuziba.

Zipo pia sindano za kuchochea uboho utengeneze damu, zinazojulikana kwa wagonjwa wa figo. Kwa moyo kushindwa zilijaribiwa kwenye utafiti wa RED-HF, 2013, watu 2,278. HB ilipanda vizuri kabisa. Vifo na kulazwa havikupungua, na madonge ya damu yaliongezeka. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kutibu namba badala ya mgonjwa.

Damu ikizidi

Wengi wakiona HB ya 17 au 18 wanapongezana. Kwa moyo, ni namba ya kuitafutia sababu. Kuna ugonjwa wa uboho kutengeneza seli nyekundu bila breki, na hapo hesabu ya damu inaongoza tiba moja kwa moja kuliko mahali pengine popote katika makala hii. Utafiti wa Italia wa CYTO-PV, 2013, uliwagawa wagonjwa 365: baadhi wakawekwa hematokriti chini ya asilimia 45, wengine kati ya 45 na 50. Vifo vya moyo na mishipa pamoja na madonge makubwa ya damu vilikuwa asilimia 2.7 kundi la kwanza, 9.8 kundi la pili. Pointi chache za hematokriti, na hatari karibu mara nne. Hapo mgonjwa anatolewa damu na kupewa dawa hadi namba ishuke chini ya 45.

Sasa mchukue kijana mwenye tundu la moyo la kuzaliwa ambalo halikurekebishwa, midomo na kucha zimekuwa za bluu. Hematokriti yake inaweza kuwa 60. Kumtoa damu kila mara ili namba ipendeze ni kumdhuru, kwa sababu mwili wake umeongeza seli nyekundu kufidia oksijeni anayoikosa, na kumtoa mara kwa mara kunamwishia chuma. Kipimo kilekile, na ushauri umegeuka kabisa. Mashine haijui hilo, inaandika H, yaani juu, kwa wote wawili.

Chembe sahani na dawa za kuzuia kuganda

Mtu aliyewekewa stenti (kibomba cha kushikilia mshipa wa moyo ubaki wazi) anatoka hospitali na aspirini pamoja na klopidogreli au mwenzake. Dawa hizo mbili zinailinda stenti na wakati huohuo zinafungua njia ya kuvuja damu. Muda wa kuzitumia zote mbili ni wa kupima kwa mtu, na FBP ina sauti kwenye kikao hicho. Vigezo vya ARC-HBR vya 2019, vinavyotumika kumtambua mtu mwenye hatari kubwa ya kutoka damu, vinahesabu HB chini ya 11 kuwa kigezo kikubwa peke yake. Chembe sahani chini ya 100 (yaani laki moja kwa maikrolita) nazo ni kigezo kikubwa. Daktari akiona hivyo anaweza kufupisha muda wa dawa mbili. CRP haiingii kwenye kikao hicho, na lehemu haiingii. Kwa hiyo kabla ya stenti na wiki chache baada yake, FBP haina mpinzani.

Ukitumia dawa hizi na HB ikashuka kwa gramu 2 au zaidi, kitu cha kwanza ni kuuliza kuhusu tumbo na choo cheusi. Hapa kuna mkanganyiko mdogo: vidonge vya chuma navyo huleta choo cheusi. Choo kikiwa cheusi huku HB imetulia au inapanda, pengine ni vidonge. Kikiwa cheusi kama lami, kinanata, na HB inashuka, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, ina tabia yake. Kwa wachache, kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu waanze kuchomwa, chembe sahani huporomoka zaidi ya nusu, na cha ajabu damu yao huzidi kuganda badala ya kuvuja. Tiba ni kuacha heparini na kubadilisha dawa. Kugundua kunahitaji FBP ya kabla na FBP ya baada. Ukiwa na moja tu, chembe 140 inaonekana ni upungufu mdogo usio na maana. Ukijua zilikuwa 320 wiki iliyopita, hadithi imebadilika.

Na sasa jambo la ndani ya maabara ambalo ningependa kila familia ilijue. FBP huchukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa inayoitwa EDTA ya kuzuia damu isigande. Chupa isipogeuzwageuzwa taratibu mara nane au kumi baada ya kutolewa, donge dogo linabaki chini na mashine inahesabu chembe pungufu. Zaidi ya hapo, wapo watu ambao chembe zao hushikana zenyewe zikikutana na EDTA. Mashine inaona vishada inadhani ni seli moja kubwa, au haivihesabu kabisa, na inatoa 38 kwa mtu ambaye ana 210. Ukiipaka damu hiyo kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini, unaviona vishada vimejaa ukingoni. Ukirudia kwa chupa ya kifuniko cha bluu, namba inarudi mahali pake. Mwenye stenti ya mwezi mmoja akisimamishiwa klopidogreli kwa 38 ya uongo, stenti inaweza kuziba. Kwa hiyo chembe zikisoma chini sana na mwili hauna alama yoyote, hakuna michubuko, hakuna fizi zinazotoka damu, omba kwa upole: "Naomba mtuangalizie kwenye kioo, na mrudie kwa chupa ya bluu." Si kumfundisha mtu kazi. Maabara nzuri inafanya hivyo bila kuambiwa.

Seli nyeupe dhidi ya CRP

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mafuta yanayoganda kwenye mishipa ya moyo huvutia seli nyeupe, na mchochota huo ndio unaopasua utando na kuleta shambulio. Utafiti wa CANTOS, 2017, uliwachukua watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na CRP yao ikiwa 2 au zaidi. Walipewa dawa ya sindano, kanakinumabu, isiyogusa lehemu kabisa. Kwenye dozi ya kati matukio ya moyo yalipungua kwa asilimia 15. Ukawa ushahidi kwamba kuzima mchochota kunasaidia. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, vifo kwa jumla havikupungua, na Marekani haikuipa kibali kwa ajili ya moyo.

Baadaye, mwaka 2021, watafiti walikusanya tafiti tano ikiwemo CANTOS, watu 60,087, wakaona kwamba uwiano wa nyutrofili na limfosaiti ukiwa mkubwa, hatari ya moyo huwa kubwa, na kwamba kanakinumabu iliushusha. Hapo ndipo simu zilipoanza kuwaka. Ila kutabiri na kuongoza tiba ni kazi mbili. Mpaka leo tiba ya moyo haichaguliwi kwa uwiano huo. Kolkisini, kidonge cha zamani cha jongo, ilipunguza matukio kwa asilimia 23 kwenye COLCOT ya 2019 na asilimia 31 kwenye LoDoCo2 ya 2020, na wagonjwa hawakuchaguliwa kwa FBP wala kwa CRP. Kisha CLEAR SYNERGY ya 2024, watu 7,062, haikuona faida yoyote. Methotreksati ya dozi ndogo, nayo ya kuzima mchochota, ilishaanguka 2018. Kwa hiyo hata dawa yenyewe bado inabishaniwa, sembuse namba ya kumchagulia mtu.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kuwa na shaka. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya kundi la damu la Duffy kwenye seli zao nyekundu, urithi unaowakinga na aina moja ya malaria. Urithi huohuo huja na nyutrofili chache katika damu, bila kumdhoofisha mtu dhidi ya maambukizi. Marekani, uchambuzi wa 2014 ulikuta wastani wa uwiano huo ni 1.76 kwa watu weusi na 2.24 kwa weupe. Sasa ukichukua mpaka uliopatikana Ulaya, mgonjwa wa Mwanza au Kisumu ataonekana salama kuliko alivyo. Na siku akiwa na malaria, nimonia au jipu, au akimeza predinisoloni, uwiano utaruka bila moyo kuhusika.

Seli nyeupe za aina moja ninazozitazama kwa moyo ni esinofili. Kampala mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies alieleza ugonjwa wa moyo kuwa na makovu kwa ndani, ambao umekuwa ukionekana Uganda na ukanda wa joto, na esinofili nyingi za muda mrefu zinahusishwa nao. Zikiwa juu mara nyingi ni minyoo. Zikiwa juu sana na hazishuki baada ya dawa za minyoo, huku mtu anachoka na tumbo linajaa, apigwe echo (picha ya moyo kwa ultrasound).

CRP kwa upande wake ina ushahidi mmoja mzuri. JUPITER ya 2008 iliwachukua watu 17,802 ambao LDL yao haikuwa juu lakini CRP ilikuwa 2 au zaidi, na rosuvastatini, aina ya statini, ikapunguza matukio kwa asilimia 44. Hao walikuwa hawajaugua moyo. Aliyekwisha kuugua mishipa ya moyo anastahili statini bila kuuliza CRP, na kinachomwongoza daktari kwenye dozi ni LDL. Miongozo ya Ulaya inataka ishuke chini ya 1.4 mmol/L kwa walio hatarini zaidi. Kama una stenti na hela ya kimoja kati ya CRP na lehemu, chukua lehemu bila kusita. Na angalia usiuziwe CRP ya kawaida, ile ya kutafuta maambukizi, ukidhani ndiyo ya moyo. Ya kawaida haitofautishi vizuri 1 na 3, na kwenye moyo tofauti yote iko hapohapo.

Kwa hali yako

Moyo umetanuka au umeshindwa: FBP na feritini, transferini ikipatikana. Lehemu inaweza kungoja.

Stenti au shambulio la moyo la karibuni: FBP na lehemu. FBP irudiwe unapotumia dawa mbili, hasa ukipauka au choo kikibadilika rangi.

Huna ugonjwa wa moyo bado, una shinikizo na ukoo wenye historia: pima presha vizuri kwanza, kisha lehemu na sukari. CRP ni ya mwenye nafasi, na ipimwe siku huna homa, mafua wala jino linalouma.

Vali (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, au vali ya bandia, na homa isiyokwisha: hapa FBP ni kengele tu. HB inayoshuka na seli nyeupe zinazopanda zinatisha, lakini seli nyeupe za kawaida haziondoi hofu ya bakteria kushika vali. Kinachobeba uamuzi ni kuotesha damu maabara, chupa zaidi ya moja, zitolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Ukishanunua amoksilini dukani ukameza siku tatu, bakteria wanaweza wasiote tena, na daktari atalazimika kukutibu kwa kubahatisha wiki nne hadi sita za sindano. Kwa hiyo mwenye vali mbovu akipata homa inayorudi rudi, aende hospitali akiwa hajameza antibayotiki yoyote, na aseme mapema pale mapokezi kwamba ana ugonjwa wa vali.